Jamaa Moja Katika Uwanda wa Mchanga

Ukimwambia mtu wa Kolwezi kwamba jamaa yenye watoto wadogo imefunga safari ya miguu kwenda penye mchanga mtupu, pasipo duka wala kivuli, atakuuliza mara moja: "Mmefiwa na nani huko?" Kwa maana kwetu mtu huenda mbali kwa sababu. Huenda msibani, shambani, sokoni au machimboni. Kutembea kwa kusudi la kutembea tu, tena na mtoto wa miaka mitatu mgongoni, kwaonekana kuwa ni mchezo wa wageni walioshiba.

Hata sisi tulidhani hivyo. Lakini jioni moja mwana wetu wa pili, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akitazama picha katika kitabu cha kusomea cha dada yake. Picha hiyo ilionyesha watoto wameketi kwenye majani, nyuma yao kilima na mbingu. Akaitazama kitambo, kisha akauliza: "Baba, shimo lao liko wapi?" Tukamjibu kwamba hawana shimo. Hakusadiki. Akapitisha kidole juu ya ukurasa wote, akilitafuta.

Usiku ule tulisemezana na mama yao, tukakata shauri kwamba kabla ya mvua kuanza watoto wataona nchi isiyochimbwa.

Mtaa wetu

Yafaa tuwaeleze wasomaji walio mbali jinsi mtaa wetu ulivyo. Kasulo ni mtaa wa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015. Ulikuwa mtaa wa nyumba na miembe kama mitaa mingine, mpaka mwaka 2014, mkaaji mmoja alipochimba kiwanjani pake akakuta mawe meusi yenye kobalti. Habari hazikulala. Muda si muda watu wakachimba uani, jikoni, hata chini ya vitanda; na juu ya mashimo yakatandwa maturubai ya rangi ya chungwa, ili jua na macho ya watu yasifike. Mwaka 2017 sehemu moja ya mtaa ilizungushiwa ukuta ikafanywa chimbo, na jamaa zilizokaa humo zikahamishwa.

Kobalti hiyo hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu. Watu wamejenga kwa fedha zake, wamelipa karo za shule kwa fedha zake, nasi hatumlaumu mtu anayewatafutia watoto wake chakula. Lakini vumbi halimchagui mchimbaji na kumwacha jirani. Mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanywa hapa hapa Kasulo: katika mkojo na damu ya wakaaji walikuta kobalti nyingi kuliko ile ya watu wa mtaa mwingine wa karibu, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto hucheza chini, hutia mkono kinywani, na pua yake i karibu na ardhi.

Basi swali la mwana wetu halikuwa la upumbavu. Alikuwa akieleza dunia kama aijuavyo.

Jangwa lisilo jangwa

Mtu atauliza, jangwa li wapi Katanga? Kwa kweli halipo. Nchi huitwa jangwa ikipata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, na Kolwezi hupata zaidi ya 1,000. Lakini mvua hiyo yote huja kwa msimu mmoja, halafu toka Mei hadi Septemba mbingu hufungwa. Tena, juu ya uwanda wa Manika, ambao mji wetu umejengwa ukingoni mwake, kumetandazwa mchanga mwepesi ulio wa jamii moja na mchanga wa Kalahari. Zamani sana upepo ulieneza mchanga huo toka kusini, ukapita nchi za Angola na Zambia, hata ukafika kwetu. Mvua ikinyesha juu yake, maji huzama upesi, yakaenda kutokea mbali, kando ya uwanda, kama chemchemi. Kwa hiyo wakati wa kiangazi mtu aweza kusimama juu ya uwanda huo akaona majani makavu na mchanga mweupe mpaka macho yachoke, ingawa mito mingi ya nchi huzaliwa chini ya miguu yake.

Ulaya hungoja Machi na Aprili ili kuona miti ikichipua. Kwetu majira ya kuchipua ni Septemba na Oktoba, na ajabu yake ni kwamba huja kabla ya mvua. Ardhi ingali kavu kama kigae, na miyombo huvaa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Huko Namaqualand, Afrika ya Kusini, jamaa nyingi hufunga safari kila Agosti na Septemba ili kuona nchi kame ikijaa maua. Tukajiuliza, ikiwa wao huwapeleka watoto wao, mbona sisi hatuwapeleki wetu?

Tena jambo lenyewe si geni kwa nchi hii. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, katika maandishi yake ya mwaka 1926 juu ya wala shaba wa Katanga, alieleza jinsi wafua shaba wa kale walivyokwenda vilimani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Wanaume walichimba, wanawake na watoto wakaokota mawe ya kijani yaliyo juu juu. Mvua zilipokaribia walirudi mashambani. Hivyo watoto wa nchi hii walitembea na wazazi wao katika majira hayo hayo, kabla ya gari la moshi na kabla ya kampuni yo yote.

Matayarisho

Tulichagua siku ya Jumamosi, mwezi wa Septemba. Hatukungoja Oktoba, kwa kuwa katika juma la tatu la mwezi huo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wa Kolwezi kabisa, na mtu hukosa hata kivuli chake mwenyewe.

Binti yetu wa miaka tisa alipewa kazi ya kuhesabu maji. Tulichukua kidumu cha lita kumi, na chupa moja ndogo kwa kila mtoto. Maji yote yalichemshwa usiku. Mama aliweka katika kikapu viazi vitamu, kalanga za kuchemsha, ndizi, na bukari ya jana iliyofungwa katika majani. Kisha akaongeza vifungo viwili vidogo, kimoja cha sukari, kimoja cha chumvi. Tulimuuliza, chumvi ya nini, nasi hatupiki? Akasema, "Baba, wewe chukua maji, mimi nichukue chumvi." Kila mtoto alivaa kofia na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa majani yaliyoungua huacha visiki vyenye ncha, na nyoka hupenda kuota jua la asubuhi.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Pikipiki mbili zilituvusha mji hata mwisho wa nyumba, zikageuka. Toka hapo tukawa juu ya miguu yetu.

Njiani

Mtoto mdogo hatembei kama mtu mzima. Mtu mzima huenda mahali. Mtoto yuko mahali tayari. Kila kichuguu ni kituo, kila mdudu ni mgeni wa kusalimiwa. Mwanzoni jambo hilo lilitukera, kwa sababu tulikuwa tumejiwekea mwisho wa safari: chemchemi iliyoko ukingoni mwa uwanda, ambayo mzee mmoja wa mtaani alitusifia sana. Tulikuwa tukisema "twendeni, twendeni" kama mchunga ng'ombe. Mama watoto akatukumbusha kwamba chemchemi haina miguu.

Tulipita kwanza chini ya miti. Majani mapya yalikuwa mekundu, na mengine rangi ya asali, na jua lilipochomoza nyuma yake watoto walinyamaza. Kisha miti ikapungua, ikawa mifupi, ikakoma. Mbele yetu ukafunguka uwanda. Mahali pengi moto wa kiangazi ulikuwa umepita, nchi ikawa nyeusi juu ya mchanga mweupe. Na juu ya weusi ule, kila baada ya hatua chache, palikuwa na maua: ya manjano, ya zambarau, meupe, mengine yametoka ardhini peke yake pasipo jani hata moja.

Binti alipiga kelele akakimbia. Mdogo wake wa mwisho akateremshwa mgongoni, akakimbia, akaanguka, akaondoka, akakimbia tena. Mwana wa miaka sita hakukimbia. Alisimama akitazama chini kwa uangalifu, akiweka mguu mmoja polepole mbele ya mwingine. Ndipo tukafahamu: alikuwa akiogopa kutumbukia. Kasulo tumemfundisha hivyo kila siku, naye ametii vema. Tulimshika mkono tukaenda naye hatua mia moja hivi, hata akauachia mwenyewe.

Shimo la mwana wetu

Saa mbili na nusu tuliketi kula. Hatujamaliza kiazi cha kwanza, na tazama, mwana wetu yuko magotini anachimba. Alikuwa ameokota kijiti, akachora duara kama alivyowaona wakubwa wakifanya, akaanza kutoa mchanga kwa mikono miwili.

"Unatafuta nini?" tukamwuliza.

"Mawe. Nachimba mpaka kwenye mawe meusi. Mama atanunua nyumba."

Twawaungamia wasomaji kwamba maneno hayo yalituchoma. Tulitaka kumkataza mara moja. Tulimleta mbali hivi ili asione shimo, naye amelileta shimo mikononi mwake. Lakini mama akatuashiria tumwache, mradi asichimbe kwa kuingia chini ubavuni, kwa kuwa mchanga huanguka bila kuonya. Tukamweleza hivyo, naye akajibu kwamba ajua. Wanaume wamekufa hivyo katika mashimo ya mtaa wetu, na watoto husikia yote.

Baadaye kidogo akaita, "Baba, kuna mti!"

Tukainama. Mchanga ulikuwa umeondolewa kina cha mkono wa mtoto, na chini yake ulilala mti kweli, mnene kama mkono wa mtu mzima, wenye gamba jeusi, umenyoka ubavu kwa ubavu na ardhi. Juu yake vilitoka vichipukizi vifupi visivyofika goti, na majani yake yalifanana na ya mupundu, ule mti mkubwa ambao watoto huokota matunda yake. Tukafuata kwa kufukua taratibu. Mti ukaendelea kulia, ukaendelea kushoto, mwisho wake hatukuuona.

Jambo hili tulikuwa tumelisoma, lakini hatukupata kulishika kwa mkono. Mwaka 1976 Frank White, mtaalamu wa mimea, aliandika juu ya misitu ya Afrika iliyo chini ya ardhi. Juu ya mchanga wa Kalahari, toka Angola hata Katanga, iko miti iliyoacha kwenda juu. Shina lake hukaa mchangani, matawi yake hutambaa humo humo, na kila mwaka hutoa nje ncha tu za kuchanua na kuzaa. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: moto wa kila mwaka, baridi ya usiku wa Juni na Julai, maji yanayotuama wakati wa mvua, na umaskini wa mchanga wenyewe. Mupundu mrefu anaye ndugu yake aliye mfupi namna hii, na ndugu hao wawili hukaa jirani, mmoja msituni, mmoja mchangani. Moto ukipita juu, huunguza vidole vya mti tu. Mwili uko salama, nao huchipua kabla ya mvua kwa akiba yake.

Tuliwaeleza watoto kwa maneno mepesi. Mwana wetu akafikiri, akasema, "Basi tumekaa juu ya msitu."

"Naam, tumekaa juu ya msitu."

"Umejificha?"

"Umejificha moto usiuue."

Akatazama shimo lake. Akauliza, "Na wachimbaji wakija?"

Mwalimu huzoea kuwa na jibu. Siku ile hatukuwa nalo. Tulimwambia kwamba mti wa namna hii ukifukuliwa haurudi upesi, kwa kuwa ulichokificha moto hukuficha jembe. Hakusema neno. Alianza kurudisha mchanga, konzi kwa konzi, na mdogo wake akamsaidia kwa kumwaga mwingi nje kuliko ndani. Walipomaliza walipapasa juu kwa viganja kama watu wanaofunika mtoto aliyelala.

Maji

Ndipo binti yetu, mwenye hesabu ya maji, alipokuja akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kidumu ni chepesi."

Kifuniko hakikukaza vema. Njia nzima maji yalikuwa yakichirizika ndani ya mfuko, na mchanga ukanywa bila kututangazia. Zilibaki lita tatu hivi. Saa tatu ilikuwa inakaribia, na chemchemi ilikuwa bado mbele, mwendo wa saa moja kwa mtu mzima.

Hapo tulikosa, nasi twaandika kosa letu ili liwafae wengine. Tulisema, "Twendeni mbele, tutakunywa chemchemini." Fahari ilituingia, tulikuwa tumewaahidi watoto, na tulikuwa tumemwambia mzee wa mtaani kwamba tutafika. Mama watoto hakupandisha sauti. Aliuliza mambo matatu tu. Je, umeiona chemchemi hiyo kwa macho yako? Wajua kama bado yatoa maji mwaka huu? Na yakiwa machafu, tutayachemshia wapi? Hatukuwa na jibu hata kwa moja. Katika nchi yenye machimbo, maji meupe si lazima yawe maji mema. Madini hayaonekani katika kikombe wala hayafi kwa kuchemshwa.

Tukageuka. Binti alilia kidogo. Mwana wetu hakulia, nalo lilikuwa jambo la kuogopesha zaidi.

Nusu ya njia ya kurudi aliketi chini. Kichwa kilimwuma, midomo ilikuwa mikavu, na alipoulizwa alikiri kwamba hajaenda haja ndogo tangu alfajiri. Chupa yake ilikuwa imejaa. Alikuwa akiitunza, akasema, kwa ajili ya chemchemi. Tulimbeba hata kwenye mupundu mmoja mrefu ulio mwanzo wa miti, tukamlaza kivulini, tukamvua shati na kumpepea kwa kofia. Mama akafungua vile vifungo viwili. Kipimo chake ni kile kile kinachofundishwa na wauguzi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Akamnywesha funda kwa funda, si kwa pupa, kwa kuwa tumbo lililokauka hutapika. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Hatimaye aliomba kwenda kukojoa, na hatujapata kufurahishwa na ombi kama hilo.

Tulifika Kasulo alasiri. Mzee wa mtaani alituuliza kama chemchemi ni nzuri. Tulimwambia kwamba hatukufika. Alicheka, akasema naye mara ya kwanza hakufika.

Kwa wazazi wengine

Wengine huenda wakasema, basi mngekaa nyumbani. Hatuoni hivyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kurudi si aibu, mradi warudi wote. Atakayekwenda na watoto wadogo na ashike mambo machache. Atoke alfajiri, arudi kabla ya adhuhuri. Agawe maji mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja asiliguse. Likiisha la kwanza, safari imefika mwisho wake, po pote pale. Asingoje mtoto aseme kiu. Amnyweshe kwa saa, amwulize habari za mkojo wake bila haya. Amkague kifuniko cha kidumu kabla ya kukikabidhi kwa mtu. Asiwaache watoto wanywe maji yasiyojulikana, wala wakaribie ukingo wa shimo la zamani, hata likionekana limejaa majani. Na mzazi mmoja akisema turudi, mwingine asibishane.

Jambo moja limebaki nyumbani mwetu tangu siku ile. Mwana wetu angali anachimba uani, kama watoto wote wa mtaa, wala hatuwezi kumfungia. Lakini sasa akichimba husimama kwanza, hutia kiganja juu ya ardhi, akakaa kimya kidogo. Tulipomwuliza afanyaje, alisema anatazama kama kuna mti umelala.

Mwaka ujao, mwezi wa Septemba, tutakwenda tena. Binti amekwisha kununua kifuniko kipya cha kidumu kwa fedha zake mwenyewe.